Mjumbe Mmoja Hakuafiki

Friji lilikuja Jumatatu, limelazwa nyuma ya pikapu
kama mgonjwa anayerudishwa kwao,
likasimamishwa kando ya ofisi ya mwalimu mkuu.
Jekundu. Hata katika ukungu wa Kilolo
ungeliona tangu njia panda ya kanisani.

Siku hiyohiyo wakatupakia ukuta rangi, bure,
jina la shule kwa herufi ndogo,
jina la soda kwa herufi kubwa.

Bomba letu mwaka wa pili huu halitoi hata povu.
Chaki tunagawana vipande.
Na huku kwetu, ambako maji ya ndoo alfajiri yanauma vidole,
nani aliwahi kuomba baridi?

Kikaoni Mwalimu Kihwele alisoma mkataba, miwani puani:
kila chupa, shilingi hamsini kwa shule.
Chupa mia kwa siku, akaandika ubaoni, elfu tano.
Mitihani itachapwa. Choo cha wasichana kitapata mlango.
Watu wakapiga makofi.
Hata mimi, kwa ule mlango, nilipiga.

Kisha nikasimama.
"Kamwene," nikasema,
na kicheko kikaanzia nyuma, kwenye benchi la wanaume
ninaowajua kwa madeni yao.
"Semfilinge! Muuza ulanzi anatufundisha kunywa!"

Ndiyo, nauza ulanzi.
Ndiyo maana mnisikilize.
Mimi najua mlanzi unavyokatwa ncha asubuhi, ukakatwa tena jioni,
ulie ndani ya mbeta tone kwa tone.
Naujua mtogwa, ule wa siku ya kwanza,
mtamu, hauna kosa na mtu.
Mteja haanzi na mkangafu, jamani.
Huanza na utamu,
nao utamu humshika mkono, humwonyesha njia ya kurudi,
mpaka miguu inaijua yenyewe gizani.
Wewe Chengula, usiangalie dirishani.
Njia hiyo unaijua.

Lakini hata kilabuni kwangu, pale kwenye mabati,
kuna kibao: MTOTO HARUSIWI.
Nilikiandika kwa mkaa, nikakosea herufi,
na bado kila mtu anakielewa.
Hapa shuleni kibao kinasema KARIBU,
kwa herufi zisizo na kosa.

Nolasko wangu yuko la tatu.
Mia tano ya uji imegeuka mia tano ya chupa.
Jino la nyuma limetoboka;
usiku analala kashika shavu
kama mtu anayepokea simu ya mbali.
Zahanati wanang'oa kwa elfu kumi.
Haya, Mwalimu, chaki bado unayo mkononi,
piga na hesabu hiyo:
chupa mia mbili, ndipo shule ilipe jino moja.
Na watoto wangapi hapa wana jino moja?

Nyuma ya darasa la sita mafyulisi yanadondoka,
yanaoza, nyigu wanashiba.
Mbele, foleni.

Nikakaa. Hakuna aliyecheka,
wala hakuna aliyepiga makofi.
Mwalimu Kihwele alifuta ubao taratibu,
elfu tano ikaondoka, mia mbili ikabaki nusu.
Friji likaguruma nje, peke yake,
kama anayetaka kuchangia hoja.

Wakapiga kura. Mikono kumi na moja juu.
Kwenye muhtasari katibu aliandika:
mjumbe mmoja hakuafiki.
Nilimwomba anionyeshe. Nikasoma mara mbili.
Kikao kijacho ni mwezi wa tatu, nami nitakuja,
na kumi na moja wale nawajua,
wote jioni hupita kwangu.

Asubuhi Nolasko kanyoosha kiganja.
Nikaweka humo mafyulisi mawili, yana umande.
Aliyatazama kama mtu aliyedhulumiwa.
Moja akaliacha juu ya kinu.
La pili aliondoka nalo,
analiuma kwa upande wa jino zima.